Kutu ya kahawa na yule ndugu wa Timor

Jamani sogeeni huku mbele, viti vipo. Hili la kupanda kahawa isiyoshikwa na kutu nishalisema Machame, nikalisema Marangu, na leo hapa Moshi mjini nalirudia kwa sababu bado naona watu wanabeba bomba la dawa mgongoni kila msimu kama vile hakuna njia nyingine. Marehemu baba yangu shati lake la shamba lilikuwa la bluu mgongoni, dawa ya kopa hiyo, ya kuua kuvu, hata ulifue vipi haitoki.

Nenda kihambani kwako ugeuze jani la kahawa ya zamani, utakuta vumbi la rangi ya chungwa, pitisha kidole linabaki kidoleni. Ndo kutu yenyewe, ugonjwa wa kuvu. Sri Lanka iliwaingilia 1869, wakaishia kwenye chai. Na inatupiga hivi kwa sababu arabika zetu za zamani ni ukoo mmoja, zilitoka Ethiopia zikapita Yemen, mbegu kidogo tu zikasambaa dunia nzima, sasa ugonjwa ukimpata mmoja umewapata wote!

Halafu miaka ya 1920, kisiwa cha Timor huko kusini mashariki mwa Asia, shambani ukaonekana mti haushikwi na kutu. Arabika na robusta, aina nyingine ya kahawa, zilichavushana zenyewe, hakuna mtu aliyegusa. Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, arabika ina kromosomu, vile vibeba urithi, 44, robusta 22, mtoto wao kwa kawaida anatoka tasa, ila ukoo huu ukazaa, mbegu zikafika Ureno, 1959 wakaupandisha na Caturra, arabika fupi, ikapatikana Catimor, na damu hiyohiyo ya Timor imo kwenye chotara za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa hapo Lyamungu. Damu ya kuzuia chule buni, ugonjwa unaoozesha buni changa, ikatoka kwa kahawa nyingine, Rume Sudan, ya milima ya Boma, Sudan Kusini. Mti wa huko ndo unakuokolea buni hapa.

Kuna mzee ananikunjia uso pale, najua anawaza mbegu za kigeni zitaharibu ladha. Mzee wangu, hii kahawa yenyewe imeletwa na wamisionari, maharage yametoka Amerika, ndizi Asia, mgeni ni nani hapo? Ila la ladha una haki, robusta ina ukali wake, ndo maana mtoto anachavushwa na arabika tena na tena na kila mara wanaonja kikombe, na mche mmoja mpaka uzae ni miaka mitatu hivi, kwa hiyo msiwaulize watafiti mbona wanachelewa.

Nyanya nayo ni hivyohivyo, nitasema kwa haraka. Kuna nyanya pori ya Peru inaiva ikiwa kijani, ungeitupa, lakini mtafiti Tanksley wa Marekani na wenzake walipoichanganya na nyanya ya kawaida, baadhi ya watoto wakawa wekundu kumzidi mzazi mwekundu. Ya mpunga nayaacha, mwenyekiti ananionyesha saa.

Kwa hiyo mwenye maharage ya bibi yake ambayo hayapo sokoni asiyapike yote, kiganja kimoja kiende benki ya mbegu Ngaramtoni, Arusha. Wanaotaka miche ya vikonyo ya chotara hizo, ile inayooteshwa kwa vipande vya mti badala ya mbegu, tuonane pale mlangoni.