"Hajui Kuhesabu"

BARAKA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Mwalimu Baraka, na mwenzangu Rehema amerudi, ingawa leo macho yamemwingia ndani.

REHEMA: Niache, Mwalimu. Wiki ya tatu hii ya mazoezi ya kufundisha. Nilidhani nakujua kuchoka, kumbe bado.

BARAKA: (anacheka) Watoto wa miaka 4 hao! Mara ya mwisho uliondoka hapa na andalio la somo umelipamba mpaka rangi.

REHEMA: La dakika 30. Kuhesabu 1 hadi 5. Malengo yapo, zana zipo, hitimisho lipo. Dakika ya 8 somo limekwisha! Wawili wako chini ya meza, na mmoja kasimama mbele yangu ananiuliza mbona pua yangu inatoa jasho.

BARAKA: Ukamjibuje?

REHEMA: Nikamwambia ni joto. Akasema, "Hapana, unaogopa."

BARAKA: Huyo ndiye mkaguzi wako, mdogo wangu. Wale wengine wanakuja na fomu tu.

REHEMA: Lakini hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni cha mtoto mwingine. Nilimpa vifuniko 5 vya chupa. Akavipanga mstari, akagusa kimoja kimoja kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne, tano. Safi kabisa. Nikamuuliza, "Haya, viko vingapi?" Akanitazama, akarudi mwanzo: moja, mbili, tatu... Nikamuuliza tena. Akaanza upya, safari hii kwa sauti kubwa, kama vile mimi ndiye nisiyesikia.

BARAKA: Na jioni ukaandika nini daftarini?

REHEMA: "Hajui kuhesabu."

BARAKA: Aa!

REHEMA: Mkufunzi wangu akapitisha kalamu nyekundu juu ya maneno yale, pembeni akaandika: "Uliona nini?" Basi. Hakuniachia hata mstari mmoja wa maelezo. Usiku ule nilimchukia.

BARAKA: Mimi wa kwangu aliandika hivyo hivyo, nadhani wanafundishwa mahali pamoja. Ila tumwangalie huyo mtoto vizuri, kwa sababu kuhesabu si kitu kimoja. Mwaka 1978 wanasaikolojia Rochel Gelman na Gallistel walichambua kuhesabu wakapata kanuni 5. Maneno ya namba yafuatane vilevile kila mara. Kila kitu kipate neno moja, lisirukwe wala kurudiwa. Halafu ile ngumu: neno la mwisho ulilotamka ndilo idadi ya vyote.

REHEMA: Na mbili za mwisho: unaweza kuhesabu chochote, na hata ukianzia katikati au mwishoni, jibu ni lile lile.

BARAKA: Ehe. Sasa mtoto wako zile mbili za kwanza anazo mkononi. Kwake "tano" bado ni jina la kifuniko cha mwisho. Ukimuuliza viko vingapi, anasikia unamwomba ahesabu tena. Na ni mtiifu, anakuhesabia!

REHEMA: Kesho yake nikamjaribu kwa njia nyingine. Nikamwambia, "Nipe vitatu." Akachota konzi nzima akanimwagia mkononi.

BARAKA: Umeona? Hilo darasa zima likiimba moja mpaka kumi huwezi kuligundua. Kuimba kunawaficha. Mimi sikatai nyimbo, naziimba kila siku, ila usije ukaniambia umepima.

REHEMA: Sasa nikuulize la penseli. Pale ninapofanyia mazoezi wanataka herufi, kurasa na kurasa. Kuna mtoto anaishika penseli kwa ngumi, mkono unatetemeka, mpaka karatasi inatoboka.

BARAKA: Kifundo cha mkono kina mifupa 8 midogo. Mtoto anapozaliwa sehemu hiyo bado ni gegedu, ile laini kama ya sikio, na mifupa hiyo inajitokeza mmoja mmoja kwa miaka. Wa mwisho kwa kawaida haujaanza hata kuwa mfupa mtoto anapoingia darasa la kwanza. Mkono wenyewe bado unajengwa! Mpe udongo afinyange, mpe shanga atunge, achane karatasi, akamue sponji. Friedrich Froebel, mwasisi wa chekechea, alipofungua kituo chake cha watoto wadogo Ujerumani mwaka 1837, aliwapa watoto mipira ya sufi na maumbo ya mbao, na alijua anachofanya.

REHEMA: Ukimwambia hivyo mzazi anaona mtoto anachezea udongo tu.

BARAKA: Kwa hiyo mwonyeshe daftari. "Wiki ya kwanza alikuwa anabonda kwa kiganja, sasa anabinya kwa vidole viwili." Mzazi anaelewa hilo haraka kuliko unavyofikiri. Ukimwandikia "anaendelea vizuri" atakuuliza daftari la herufi liko wapi, na ana haki.

REHEMA: Na kuandika ulichoona ni kugumu, jamani! Niliwahi kuandika "mchoyo." Nikafuta. Nikaandika: "Alikumbatia gari kwa mikono miwili, akamgeuzia mwenzake mgongo, akasema bado." Nilipoisoma tena nikaona kumbe alisema "bado." Hakusema "sikupi."

BARAKA: "Bado" hiyo ni zamu inakuja! Haya, tuambie, yule wa vifuniko aliishia wapi?

REHEMA: Juzi niliviweka mezani wala sikumuuliza kitu. Kahesabu mwenyewe, kafika mwisho, kanyamaza. Halafu akasema polepole, "Tano." Akakiinua kimoja: "Lakini hiki kimevunjika."

BARAKA: Ukaandika?

REHEMA: Neno kwa neno, pamoja na kile kilichovunjika.

BARAKA: Wiki ijayo tunahamia mlangoni asubuhi, kwa wale wanaolia mzazi akigeuka tu. Rehema, njoo na daftari.

REHEMA: Nitakuja nalo, kama halijachorwa.