Muuguzi na Anachoingia Nacho Wadini

Wakuu wa wadi, wauguzi wenzangu, nanyi wanangu mnaosomea uuguzi, nawashukuru kwa kufika, hasa mliotoka zamu ya usiku mkavuka feri ya Likoni bila kupitia nyumbani.

Mada niliyopewa ni kujitambua kwa muuguzi. Wengi huihesabu kuwa mada ya semina, ya kusikilizwa baada ya chai na kusahauliwa kabla ya adhuhuri. Mimi naihesabu kuwa sehemu ya kumchunguza mgonjwa, kwani kama vile mashine mbovu ya presha inavyotoa namba ya uongo, muuguzi asiyejijua huisoma hasira yake mwenyewe akadhani amesoma tabia ya mgonjwa.

Hildegard Peplau, muuguzi Mmarekani wa wagonjwa wa akili, alieleza mwaka 1952 kwamba muuguzi hana budi kuuelewa mwenendo wake kabla ya kuwasaidia wengine kuyaelewa yanayowasumbua. Mwaka 1978 muuguzi mwenzake, Barbara Carper, aliuweka ujuzi wa kuijua nafsi yako miongoni mwa njia 4 za ujuzi wa uuguzi, bega kwa bega na sayansi. Kati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1955, wanasaikolojia Joseph Luft na Harrington Ingham walichora dirisha la Johari, mchoro wa yale yanayojulikana na yasiyojulikana kuhusu mtu, ambalo kioo chake kimoja ni cha yale wenzako wanayoyaona kwako nawe huyaoni. Wazee wetu, mniwie radhi, walilifupisha zaidi: nyani haoni kundule.

Miaka mingi iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilikabidhiwa zamu ya usiku nikaambiwa, "Mzee wa kitanda cha 7 ni msumbufu." Neno hilo lilikuwa limeshapita zamu 2, na kila aliyelipokea alilikabidhi kama alivyolikuta, bila kuuliza aliyelianzisha ni nani wala alikuwa amechoka kiasi gani. Mzee aliita, "Sista! Sista!", akivuta shuka na kugeuka huku na huku. Nilimjibu kwa mbali, "Naja, mzee," kisha nikashika njia ya vitanda vingine. Ilikuwa karibu na alfajiri nilipotambua kwamba sauti ile ilifanana na ya marehemu baba yangu, ambaye akiita nyumba nzima hunywea, na kwamba usiku kucha miguu yangu ilikuwa ikimkwepa baba.

Nilipofunua shuka, mfuko wa mkojo ulikuwa mtupu na tumbo la chini limevimba, gumu kama ngoma. Mpira wa kutolea mkojo ulikuwa umeziba. Hakuna mwanafunzi hapa asiyejua kwamba mzee ambaye kibofu chake kimejaa hutaabika, hata akachanganyikiwa. Nami nilijua, ila neno "msumbufu" lilinitangulia kitandani.

Kwa hiyo naomba katika makabidhiano tuseme mgonjwa alilofanya, kwamba ameita mara 6 tangu saa 4 usiku, na hukumu tuiache nje ya faili. Mwenzako naye apewe ruhusa ya kukuuliza, "Sista, mbona kitanda kile unakipita?", bila kununiwa wiki nzima.

Asubuhi ile nilikabidhi hivi: mpira wa kitanda cha 7 uliziba, umebadilishwa, mkojo umetoka mililita 800, mzee amelala. Neno "msumbufu" sikulitaja. Wala sikumwambia mtu yeyote kwamba usiku kucha nami nilikuwa nimeliamini.