Kabla Hujasema "Chukueni Yangu"

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za mchana.

Miaka sita iliyopita nilimpa mdogo wangu figo. Mimi si daktari, kwa hiyo nitaanzia ninapopajua, sebuleni kwa mama, maana huko ndiko jambo hili linakoamuliwa. Hospitali mnafika watu mmeshakubaliana, au mnadhani mmekubaliana.

Siku ile tulikaa watu kumi na mmoja. Mgonjwa alikuwa ametoka kusafishwa damu, amejilaza mkekani, hana nguvu hata ya kushika kikombe. Mnaouguza mtu wa dayalisisi, yaani huko kusafishwa damu kwa mashine, mnaujua ule mkono wake: pale walipounganisha mishipa, ukigusa unasikia kitu kinatetema ndani kama nyuki aliyenaswa. Mara tatu kwa wiki, saa nne nzima kila safari. Baba mkubwa akaomba dua, kisha akasema, "Damu nzito kuliko maji. Nani atamwokoa ndugu yake?"

Hakutaja mtu. Lakini macho yote yalimwendea dada yetu wa mwisho, ambaye hajaolewa, hana mtoto, anaishi nyumbani na mama. Akasema, "Mimi nipo." Mama akalia kwa furaha. Mimi niliona vidole vya dada: anakunja pindo la kanga, anakunjua, anakunja tena.

Alipokwenda kupimwa, daktari alitutoa nje sote, akabaki naye peke yake. Tulipoitwa tukaambiwa neno moja tu: huyu hafai kutoa. Sababu hatukuambiwa. Miaka ikapita ndipo dada akanieleza, na ameniruhusu niseme leo: vipimo vilikuwa safi. Alimwambia daktari kwamba anaogopa na hataki, ila hawezi kutamka hivyo mbele ya ukoo. Daktari akambebea ile hapana.

Ndugu zangu, ombeni chumba hicho. Mchangiaji aonane na daktari bila mume, bila baba mkubwa, bila mgonjwa. Duniani kote wanaotoa figo wengi ni wanawake, na sidhani kwamba wote waliulizwa kwa namna ambayo wangeweza kukataa.

Halafu nikajitokeza mimi, nikauliza yote. Takwimu nilizokuta ni za Marekani, na zile za mimba ni za Kanada. Zamani watoaji wapatao 3 kati ya 10,000 walifariki ndani ya siku 90 baada ya upasuaji. Miaka ya karibuni ni chini ya 1. Katika watu 10,000 wenye afya njema wasiotoa, kama 14 figo zao zitashindwa kabisa maishani. Waliotoa ni kama 90. Bado ni wachache, lakini wamo, na usikubali mtu akuambie figo moja ni sawasawa na mbili. Mwanamke ambaye bado anataka kuzaa aambiwe mapema: shinikizo la damu la mimba au dalili za kifafa cha mimba vilitokea katika mimba 11 kati ya 100 za watoaji, wakati kwa wenzao wasiotoa ni 5.

Walichukua ya kushoto, kwa kuwa mshipa wake wa kurudisha damu ni mrefu na ni rahisi kuunganisha. Wiki sita sikunyanyua ndoo. Hadi leo diklofenaki, ile dawa ya maumivu, siigusi, na kila mwaka napima presha na mkojo. Zamani wengi wetu tulilazimika kufuata huduma hii India. Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza Novemba 2017, na ile ya Benjamin Mkapa pale Dodoma mwaka 2018. Kwa mchangiaji hilo ni jambo kubwa, maana aliyekupasua yuko karibu ukipata tatizo.

Kuna kisa ninachokipenda. Desemba 1954, mjini Boston, daktari Joseph Murray alihamisha figo ya Ronald Herrick kwenda kwa pacha wake Richard, upandikizaji wa figo wa kwanza duniani uliofanikiwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo, Richard, akiwa ndiye anayekufa, alimpelekea pacha wake kikaratasi: ondoka, rudi nyumbani. Ronald akajibu kwamba yupo na haondoki. Richard aliishi miaka minane zaidi. Nawaomba wagonjwa mliomo humu, mpelekeeni ndugu yenu kikaratasi hicho hata kama moyo unakataa. Mdogo wangu alinipigia simu saa saba usiku akaniambia hivyohivyo, nami nikalala vizuri baada ya hapo.

Na dada? Dawa za kulinda figo mpya humezwa maisha yote, kwa saa zilezile. Kila saa tatu usiku simu yake hulia, huacha alichoshika, akampigia kaka yake: "Umeshameza?" Miaka sita sasa, hajakosa.

Karibuni kwa maswali.