Maneno Mapya, Darasa Lile Lile

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, walionisikiliza siku nyingine wanajua nitaanzia wapi, nami sitawavunja moyo: nitaanzia kwenye maneno. Afrika Kusini ilirithi idara 19 za elimu, zilizotenganishwa kwa rangi na kwa vijinchi vya kikabila (maeneo ambayo utawala wa ubaguzi uliwatengea Waafrika), nayo baada ya 1994 ikaziunganisha kuwa moja ya taifa na tisa za majimbo. Kazi ile ilikuwa nzito, na siidharau. Ila mtaala uliofuata, ule ulioitwa wa 2005 kwa kuwa ulikusudiwa kukamilika mwaka huo, ingawa ulianza darasa la kwanza mwaka 1998, ulikuja na matokeo mahususi 66, yaani mambo ambayo mtoto alitarajiwa kuyaweza, pamoja na msamiati ambao mwalimu alipaswa kuumeza kabla hajashika chaki. Mwanafunzi akawa mjifunzaji, mwalimu akawa mwelimishaji, masomo yakawa maeneo ya ujifunzaji.

Sasa mfikirieni mwalimu wa kijijini kule Eastern Cape, aliyesomeshwa chini ya Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953, ile ya kibaguzi iliyowapa Waafrika elimu duni. Amehudhuria semina ya siku chache, amerudi na jalada nene, na mbele yake wamebanana watoto 60. Anatakiwa abuni vifaa vyake, awapange watoto katika makundi, ajaze fomu za tathmini, ilhali hana maktaba wala mashine ya fotokopi. Shule ya mjini iliyokuwa ya Wazungu ilikuwa navyo vyote, ikaupokea mtaala huo bila jasho.

Atauliza mtu: kwani ulitaka waendelee na silabasi ya makaburu? La hasha! Ila kuichukia silabasi ya zamani hakumfundishi mtu kuandika mpya. Kamati ya Linda Chisholm, iliyoundwa kuupitia mtaala huo wa 2005, mwaka 2000 iliyasema haya kwa upole kunishinda: lugha ngumu, mafunzo hafifu, vitabu haba. Marekebisho yakatoka 2002, na kuanzia 2012 ukaingia mtaala unaomweleza mwalimu afundishe nini na lini.

Kuhusu utawala nitapita mbio. Sheria ya Shule ya 1996 iliziachia bodi za shule, ambamo wazazi ndio wengi, kupendekeza ada na kupanga sera ya lugha. Mtoto asiyezuiwa tena kwa rangi akakutana na ada getini. Hilo lina mhadhara wake, na mwenyekiti ameshatazama saa mara mbili. Ya Mazimbu, shule ya wana-ANC waliokuwa uhamishoni hapo Morogoro, niulizeni wakati wa maswali.