Daftari, Mtungi na Yai la Mnada

TUSEKILE: Ugonile, msikilizaji. Ni mimi Tusekile, tuko Mbeya, mwezi wa saba, na baridi haina huruma. Mwenzangu Festo amekuja studioni amejifunga shuka juu ya koti.

FESTO: Kamwene. Shuka ni la mama watoto, nitalirudisha. Na hiyo "studio" ni chumba cha nyuma cha duka, watu wasije wakadhani tuna kiyoyozi.

TUSEKILE: Kiyoyozi Mbeya! Haya, kaka, leo tunajiuliza, Injili ihubiriwe kwa furaha au kwa kubanwa? Wiki iliyopita ulisema una jambo la kukiri.

FESTO: Ninalo. Zamani kidogo, nikiwa kijana, kanisa nililokuwa nasali lilitutuma nyumba kwa nyumba kuhubiri pale Mama John, mtaa wa hapa Mbeya. Kila mmoja na daftari lake. Safu tatu: waliofikiwa, waliookoka, wanaohitaji maombi. Jioni namba zinasomwa mbele ya wote, na mwenye namba ndogo anaombewa.

TUSEKILE: Anaombewa?

FESTO: Kwa sauti, dada! Kwa kuwekewa mikono! Sasa nani anataka kuombewa hivyo? Siku ya tatu nilikuwa bado na sifuri. Nikagonga mlango mmoja, akafungua mtoto wa miaka kama 12, mikono imejaa grisi, alikuwa anafungua baiskeli. Nikamwaga yote haraka haraka, kama mtu anayesoma masharti ya mkopo. Nikamuuliza, "Unakubali?" Akanitazama, akasema, "Nikikubali, utaondoka?"

TUSEKILE: (anacheka) Ukasemaje?

FESTO: Nikaandika moja.

TUSEKILE: Festo!

FESTO: Nimekiri. Jioni sikuombewa.

TUSEKILE: Ila usilitupie daftari lawama zote. Paulo mwenyewe, 1 Wakorintho 9, mstari wa 16, anasema ole wake asipoihubiri Injili. Hapo sioni furaha, naona mtu aliyebanwa.

FESTO: Nilijua utanipeleka huko. Shuka mistari miwili. Anajiuliza thawabu yake ni nini, na jibu ni kwamba anaitoa Injili bila gharama. Yaani mshahara wake ni kufanya kazi bure! Mtu wa namna hiyo hasimamiwi na mtu. Mimi pale Mama John ungeninyang'anya daftari ningerudi nyumbani kulala.

TUSEKILE: Nami naogopa upande wa pili. Tukisema "furaha, furaha," tutaanza kuigiza. Mtu kafiwa, kaunguliwa na duka, anakuja ibadani analazimika kuonyesha meno. Yeremia anasema neno la Mungu lilikuwa kama moto ndani ya mifupa yake, akachoka kulizuia. Sura ileile ya 20, mbele kidogo, analaani siku aliyozaliwa. Huyo utamwambia atabasamu?

FESTO: Hapana.

TUSEKILE: Jina langu kwa Kinyakyusa maana yake tumefurahi. Nilipokuwa mdogo nikidhani nilizaliwa kwenye sherehe. Kumbe mwaka uliotangulia walizika mtoto. Nikamuuliza mama, sasa mlifurahi nini? Akasema, "Ulilia." Basi. Yule wa kwanza hakulia. Mama yangu akisimulia habari za Mungu, anaanzia hapo, na hajawahi kumaliza bila kufuta macho. Watu wanamsikiliza mpaka chai inapoa.

FESTO: (kimya) Hiyo hatuikati kwenye uhariri.

TUSEKILE: Usiikate. Tena nakumbuka kitu kuhusu kwetu Rungwe. Wamisionari wa Kimoraviani walifika 1891, Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Waingereza wakawaondoa. Kama kazi ile ilikuwa ya kumridhisha msimamizi, ndio wakati mzuri wa kufunga. Msimamizi hayupo, ripoti haiendi popote. Lakini wenyeji wakaendelea kusali, kufundishana, kutembeleana vilimani.

FESTO: Wewe Mnyakyusa, hukosi kujisifia.

TUSEKILE: Na ninyi Wahehe jisifieni ulanzi wenu, pombe ya mianzi. Sikiliza, kuna nyingine, hii ya juzi. Unajua mnada wa baada ya ibada kijijini. Mkungu wa ndizi, kuku, viazi, na yai. Mzee mmoja akanunua yai kwa shilingi 5,000, akalirudisha mezani. Likauzwa tena. Likarudi. Mara ya nne watu hawawezi kusimama kwa kucheka, na mnadi sauti imekauka. Nje ya uzio kulikuwa na kijana wa bodaboda, anasubiri abiria. Akaniita, "Dada, hawa wazee wana akili? Yai moja mnalinunua mara ngapi?" Nikamweleza, hizo pesa ni za kuezeka nyumba ya mjane aliyeezuliwa paa na upepo. Akanyamaza. Jumapili iliyofuata nikamkuta ndani ya uzio. Nikamuuliza, umekuja ibadani? Akasema, "Nimekuja kuangalia yai."

FESTO: Ameokoka?

TUSEKILE: Sijui, kaka. Sikuwa na daftari.

FESTO: (anacheka) Nimestahili. Ndiyo maana nampenda yule mwanamke Msamaria, Yohana 4. Ametoka mjini saa sita na jua lake, shida yake maji, akamkuta Yesu. Akarudi mjini, mtungi kauacha palepale kisimani! Mwanamke wa kijijini kuacha mtungi, unaelewa?

TUSEKILE: Mtungi hauachwi. Kwetu ukirudi bila ndoo utaeleza vizuri.

FESTO: Na ujumbe wake mfupi: njoni mmtazame, huenda ndiye Kristo. Hata uhakika hana, anauliza swali. Mwishoni watu wa mji wanamwambia sasa tunaamini kwa kuwa tumesikia wenyewe, si kwa maneno yako tu. Mwinjilisti wa daftari angeumia hapo. Namba yake imechukuliwa!

TUSEKILE: Na yule mtoto wa baiskeli? Hukuwahi kumwona tena?

FESTO: Nilimwona. Mwezi uliopita bajaji yangu ilizimika Soweto ya hapa Mbeya, nikaisukuma mpaka kwa fundi. Jitu zima, ndevu, grisi ileile. Akanitazama sana. Akasema, "Wewe si yule wa daftari?"

TUSEKILE: Mungu wangu. Ukamjibu nini?

FESTO: Nikamwomba radhi. Nikamwambia nilimwandika bila haki. Akacheka mpaka spana ikamdondoka. Akavuta ndoo, akaigeuza, akasema, "Kaa basi. Sasa niambie taratibu, leo sikufukuzi."

TUSEKILE: Na bajaji?

FESTO: Ililala kwake. Niliifuata kesho yake asubuhi.