Kibonyezo Hakipimi Sonona

Nimelisema hili mara nyingi na leo hapa Chiromo, Nairobi, nalirudia: kwenye jaribio la kutambua dawa, panya akibonyeza upande wa dawa, hajatuambia kwamba dawa hiyo inatibu sonona. Ametuambia tu kwamba kuna kitu mwilini mwake anachokitambua.

Sanduku la jaribio mnalijua: lina vibonyezo viwili, kulia na kushoto, na panya hufunzwa kubonyeza kimoja akiwa na dawa na kingine akiwa hana. Panya amepunguziwa chakula hadi uzani wake uwe asilimia 80 au 85 ya ule wa kawaida. Siku ya bupropion, ambayo ni dawa ya sonona, tuseme miligramu 20 kwa kila kilo ya uzani, anachomwa sindano, anasubiri kama nusu saa, kisha akibonyeza kulia mara kumi anapata punje ya chakula ya miligramu 45. Siku ya maji ya chumvi, yaani sindano isiyo na dawa, kushoto ndiko kunakolipa. Ili kujua kama amejifunza, hesabu mibonyezo ya kabla ya punje ya kwanza peke yake. Punje ikishaanguka, chakula chenyewe kinamwelekeza.

Sasa hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtazame panya anapoingizwa: kabla hajagusa chochote, ananusa vibonyezo vyote viwili, pua inacheza. Kama aliyemtangulia alikuwa na dawa na akabonyeza kulia, harufu yake imebaki pale. Huyu wa pili anafuata harufu, nawe unaandika kwamba ametambua dawa! Kwa hiyo futa vibonyezo kwa spiriti kila panya anapotoka, na nusu ya panya wako wafunzwe dawa upande wa kushoto. Mtu atasema, basi tupokezane tu, leo dawa, kesho chumvi. Hapana! Panya atajifunza zamu. Changanya siku, ila aina moja isizidi mara mbili mfululizo. Na umeme ukikatika katikati ya kipindi, matokeo ya siku hiyo yaache.

Mafunzo huchukua wiki nyingi. Msiyakatize.

Halafu jaribio lenyewe. Mpe dawa nyingine, uone anaenda wapi. Akifikisha asilimia 80 upande wa dawa, tunasema anaziona sawa. Panya wa bupropion akipewa kokeini huenda upande wa bupropion. Je, kokeini ni dawa ya sonona? Imipramini, ambayo imewatibu watu wenye sonona tangu miaka ya 1950, kwa kawaida haimpeleki huko. Tena mgonjwa husubiri wiki kadhaa apate nafuu, ilhali panya anajibu ndani ya nusu saa. Hayo ni mambo mawili tofauti, jamani, na anayeyachanganya kwenye ripoti anawapotosha wagonjwa.

Ketamini, dawa ya nusukaputi inayotumika pia kwa sonona, nitaigusa tu: panya aliyefunzwa nayo huiona fensiklidini, dawa ya kulevya, kuwa sawa nayo. Na dozi ikizidi, panya huacha kubonyeza kabisa, kwa hiyo kasi ya kubonyeza iandikwe kando ya asilimia, kila mara. Mibonyezo minne haitoshi kumhukumia panya.