Wasiwasi Usioisha: Ubongo Unapozoea Hofu

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo ni wasiwasi sugu. Ule wa kuamka saa kumi alfajiri moyo unakwenda mbio, viganja vimelowa jasho. Mtu kapima presha, iko sawa. Kapewa dawa za vidonda vya tumbo, bado. Kaka Baraka, tatizo liko wapi?

BARAKA: Mara nyingi liko kwenye ubongo, dada, na kusema hivyo si kumwambia mtu anajitia ugonjwa. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala. Ikihisi hatari, homoni za msongo, adrenalini na kortisoli, zinamwagika mwilini. Halafu kuna kemikali ya kutuliza, GABA, inayozuia seli zisirushiane ishara ovyo.

ZUHURA: Sasa hatari ikishapita, mbona mwili hautulii?

BARAKA: Mwaka 2002 watafiti wa Bangalore, India, waliwabana panya wasiweze kujigeuza, saa mbili kila siku, kwa siku 10. Walipozitazama seli, kwenye hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu ambayo pia husaidia kuishusha kortisoli, matawi ambayo seli hupokelea ishara yalikuwa yamenywea. Kwenye amigdala yalikuwa yamerefuka.

ZUHURA: Ngoja kwanza. Msongo uleule, huku kunanywea, huku kunakua?

BARAKA: Uleule. Na utafiti wao wa 2004 ukawapumzisha panya siku 21. Hipokampasi ilirudi hali yake. Amigdala haikurudi, na woga ukabaki.

ZUHURA: Na sisi tunawaambia watu, "Nenda kijijini ukapumzike, yataisha."

BARAKA: Panya si binadamu, lakini mimi naona hapo kuna jibu kwa wanaojilaumu kwamba likizo haikuwasaidia. Hata dawa za serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, kama fluoksetini, huanza kuigusa kemikali hiyo ndani ya saa chache, ila nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Ingekuwa ni kujazia serotonini iliyopungua tu, mtu angepona siku ileile. Seli zinahitaji muda wa kujipanga. Inaniuma sana mtu anapoacha wiki ya pili akisema dawa haifanyi kazi.

ZUHURA: Na diazepamu? Wengi wanaijua kama Valium, ipo tangu 1963.

BARAKA: Hiyo huiongezea GABA nguvu, kwa hiyo hutuliza haraka. Ukiimeza kila siku kwa muda mrefu, ubongo unaizoea. Ukiikata ghafla, wasiwasi unarudi kwa kishindo, na wengine hupata degedege. Kwa hiyo anayeitumia siku nyingi asiitupe leo kwa kuwa katusikia. Aende kwa daktari apunguziwe kidogo kidogo.

ZUHURA: Na asiyetaka vidonge?

BARAKA: Kuna tiba ya mazungumzo. Unaikabili hofu kwa hatua ndogo, mara nyingi, ukiwa na mtaalamu, mpaka ubongo ujifunze kwamba hapo hakuna hatari. Ukifika hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia kliniki ya afya ya akili, na uwaambie pia kuhusu usingizi na pombe. Pombe nayo inaichezea GABA hiyohiyo, ndiyo maana asubuhi yake wasiwasi huwa mkali zaidi.